Visu Vitatu Kifuani

Kosa langu lilikuwa kumwambia avifiche. Naliandika hapa mbele kabisa kwa sababu najijua: nikijipa nafasi ya aya mbili tu, nitakuwa nimeshalivalisha kosa hilo shati jeupe na tai, nalo litapita kama mgeni wa heshima. Mzee aliyebeba visu wazi maisha yake yote, mimi nilimwambia avitie kikapuni, chini ya ndizi, ili nisione haya kushuka naye kwenye basi Homa Bay. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sikuwa nimewahi kukosea jambo lolote. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Watu wote wa Suna, eneo letu, walimwita Mzee wa Maksai. Kazi yake ilikuwa kuhasi mafahali. Fahali aliye kamili hakubali nira. Atavuta plau hatua kumi, amwone mtamba ng'ambo ya mto, na shamba lako litalimwa kuelekea huko. Kwa hiyo kila aliyetaka kulima kwa ng'ombe, kuanzia kwetu mpaka kwa Wakuria wa mpakani, ilimbidi amwite yeye kwanza. Alikuja kwa miguu, amevaa koti kuukuu la jeshi hata jua likiwaka, na juu ya koti, ukanda wa ngozi uliokatiza kifua toka bega la kushoto. Kwenye ukanda huo vilining'inia visu vitatu. Ala zake zilikuwa fupi, zimefunika nusu tu ya kila kisu, hivi kwamba akitembea juani ulimwona akimetameta kabla hujamtambua uso.

Kisu cha kwanza kilikuwa kikubwa, mpini wake wa pembe ya nyati, cha kukatia kamba na vijiti. Cha pili kilikuwa chembamba kama jani la muwa, na hicho ndicho kilichofanya kazi yenyewe. Cha tatu hakuna aliyewahi kukiona kikifanya kazi yoyote. Ukimwuliza ni cha nini, kila mtu alipewa jibu lake. Padri aliambiwa ni cha kukata mkate siku ya mwisho. Mke wake aliambiwa ni urithi. Mimi niliambiwa, "Hicho ni cha kuwafanya watu waulize."

Wanaume walikuwa na namna yao ya kumpokea. Akitokea upande mmoja wa soko, mikono yote upande ule iliingia mifukoni, na wasio na mifuko walikumbuka ghafla kwamba wamechoka, wakaketi na kukunja miguu. Vijana ambao hawajaoa walivuka barabara. Siku moja nilipokutana naye sokoni uso kwa uso nilijaribu kukunja miguu nikiwa nimesimama. Sishauri mtu ajaribu. Nilianguka juu ya mafungu ya viazi vitamu, na mwenye viazi, badala ya kunipa mkono, aliita wenzake waje kuona.

"Sasa wewe kijana unakimbia nini?" Mzee wa Maksai aliniuliza. "Kwani una pembe?"

Wanawake hawakumwogopa hata kidogo. Kwao alikuwa sikukuu.

"Jaduong'!" wangemwita, yaani mzee wetu. "Pitia kwangu jioni. Huyu wangu anaruka ua kila siku."

"Nimesikia, mama. Lakini mimi kazi yangu ni ya wenye pembe."

"Hata pembe nitamwotesha! Wewe njoo tu."

Yeye hakucheka. Alinyoosha kidole chake kirefu, akagusa mipini mitatu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehakikisha watoto wake wote wako, akaendelea na safari yake. Kicheko kilimfuata mpaka kwenye kona.

Kanisani alivitundika visu kwenye msumari wa dirisha la mbele, karibu na mhubiri, mahali ambapo kila mtu angeviona. Mtu mmoja alipendekeza aviache nje. Alikataa. "Nikiviacha nje," alisema, "mtakaa humu mkiwaza viko wapi. Vikiwa hapa, mtawaza Mungu." Sijui kama tuliwaza Mungu. Najua kwamba Jumapili moja mahubiri yalikuwa marefu mno, jua limeshapita utosini, na Mzee wa Maksai akainuka polepole akaunyooshea mkono ukanda wake ili aende kujisaidia. Mhubiri aliuona mkono ule, akasema amina katikati ya sentensi.

Lakini kilichomfanya akaribishwe katika kila boma, pamoja na chuma chote kile, ni desturi yake ya langoni. Hakuingia nyumba ya mtu kabla hajavua ukanda. Aliviweka visu chini, kimoja kimoja, makali yakimwelekea yeye mwenyewe, akivihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu. Mmeviona?" Na watu wa nyumbani, hata watoto, walijibu, "Tumeviona." Wakati wa kuondoka alihesabu tena, nao wakajibu tena. Wala hakumpa mtu kisu mkono kwa mkono. Alikiweka ardhini, nawe ukakiokota. "Kisu kikitoka mkononi kwangu kwenda mkononi kwako," alisema, "kuna wakati kidogo hapo katikati ambapo hakuna anayejua ni cha nani. Wakati huo siupendi."

Na kabla ya kumgusa fahali, baada ya vijana kumwangusha na kumfunga, aliinama sikioni mwa mnyama na kumwambia, "Pole, baba. Ni plau, si mimi." Kisha alingoja. Hakuanza mpaka pumzi ya fahali ipungue. Wenye haraka walikereka. Aliwaambia kwamba mnyama anayekatwa akiwa na hasira hupona na hasira.

Mtu yule yule aliogopa wembe. Hakuna kinyozi aliyewahi kumgusa. Ndevu zake alizipunguza mke wake kwa mkasi, mchana, nyuma ya nyumba, naye amefumba macho na kushika mguu wa kiti. Zahanati ilipotaka kumdunga sindano alitoweka siku mbili, wakamkuta kwa shemeji yake akisema amekuja kusalimia. Na hakula nyama ya ng'ombe yeyote ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumhasi. Kwa kuwa alikuwa amewahasi karibu wote, kwenye matanga alikula kuku.

Kula kwake kuku kulihitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mali yake kubwa kuliko visu. Alimkumbuka kila fahali. Nakumbuka ugomvi wa majirani wawili juu ya maksai mmoja mwekundu, kila mmoja akiapa ni wake, na wazee wameshindwa kuamua. Aliitwa Mzee wa Maksai. Alizunguka nyuma ya mnyama, akapapasa kovu, akasema, "Huyu nilimkata kwenye lango la mama wa huyu mrefu. Ilikuwa inanyesha manyunyu. Kamba ilikatika, akanipiga hapa." Akapandisha suruali, akaonyesha alama kwenye muundi. Yule mfupi aliondoka bila kuaga. Watu walimpa mzee huyu mafahali wao kwa sababu hiyo: mkono unaokumbuka kila ulipopita hauwezi kupita ovyo.

Sasa mimi. Nilikuwa jirani yake, boma letu na lake yakitenganishwa na ua wa minyaa. Shule niliiacha darasa la nne, na yaliyobaki nilijifundisha. Nilikuwa na kamusi moja ya Kiswahili ambayo panya walikuwa wamekula mwanzo wake wote, kwa hiyo kwa miaka miwili elimu yangu ilianzia herufi ya D. Kila asubuhi nilisimama kwenye zizi letu nikisoma kwa sauti: neno, maana yake, mfano wake. Wasikilizaji wangu walikuwa ng'ombe sita. Mzee wa Maksai alikuwa akija kuketi juu ya jiwe upande wa pili, akinoa visu vyake taratibu, huku mimi nikinguruma. Nilimhurumia. Kila mtu alijua hajui Kiswahili. Afisa yeyote akimsemesha kwa lugha hiyo, alimtazama kama mtu anavyotazama mvua, mpaka atafutwe wa kutafsiri.

"Wuoda," aliniita siku moja kwa Kijaluo, yaani mwanangu, "wewe husomi. Unatafuta chawa."

Alisema kweli. Barua moja niliiandika mara nane. Penseli nilizichonga mpaka zikaisha kabla sijaandika nazo. Na kisu changu cha kuchongea, kidogo kama kidole, nilikifunga kwa leso na kukizika ndani kabisa ya mfuko wa suruali, nisije nikadhaniwa mtu wa fujo. Alikiona siku nilipokifungua.

"Kisu chako kina haya ya nini?" aliniuliza.

Nilimwambia ni adabu. Alirudia neno hilo mara mbili, kama anayeonja mchuzi wa nyumba ngeni.

Uhuru ulikuwa bado mpya nilipopata barua ya kwenda Homa Bay kujaribiwa kazi ya ukalimani mahakamani. Nililala na barua ile chini ya mto hadi mikunjo yake ikachoka. Juma lile lile, mwalimu mmoja mwenye shamba karibu na Homa Bay alimwita Mzee wa Maksai kwa ajili ya mafahali wanne. Mama yangu akafurahi: tungesafiri pamoja, mimi na mzee, tusaidiane njiani.

Niliona picha yote mara moja. Mimi nashuka kwenye basi, suruali imepigwa pasi, barua mfukoni, na nyuma yangu koti la jeshi lenye visu vitatu, na watu wa mahakama wamesimama hapo (sijui kwa nini nilidhani mahakama nzima ingekuja kunipokea kwenye steji), wakiulizana, "Huyo mkalimani ametoka pori gani?"

Asubuhi ya safari nilivuka ua.

"Jaduong'," nilimwambia, "Homa Bay ni mji wa serikali. Sheria ya sasa haitaki visu vya wazi. Mtu anavitia ndani ya mzigo."

"Sheria hiyo umeisoma?"

"Nimeisoma."

Hakukuwa na sheria kama hiyo. Niliitunga hapo hapo langoni, nikiwa nimesimama wima. Mzee akasema, "Haya. Wewe ndiye msomi." Akavua ukanda. Nilimpa gazeti la kufungia, kwa kuwa nilikuwa nimekuja nalo. Vikafungwa, vikalazwa ndani ya kikapu, vikafunikwa ndizi. Mara ya kwanza katika maisha yake aliondoka nyumbani bila kuhesabu, na mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja kujibu "Tumeviona" akabaki na jibu lake mdomoni.

Ndani ya basi hakuna aliyekunja miguu. Hakuna aliyetania. Kijana mmoja alimsukuma kwa kiwiko apate nafasi ya kuku wake. Bila ule ukanda alikuwa mzee yeyote tu, na nilipoona hivyo nilifurahi. Naomba msomaji akumbuke hilo: nilifurahi.

Homa Bay, kwenye steji, askari walikuwa wakikagua mizigo wakitafuta pombe ya magendo. Mkono wa askari uliingia chini ya ndizi, ukatulia, ukatoka na gazeti langu. Likafunguka.

"Visu!" mtu akapiga kelele. "Mzee ameficha visu!"

Visu ni vile vile. Vile vilivyowachekesha wanawake wa Suna viliwafanya wanawake wa Homa Bay wakimbie na vikapu vyao, na mmoja akaacha omena zake, dagaa wale wa ziwani, zimwagike vumbini. Watu walirudi nyuma wakafanya duara. Mzee alisimama katikati, mikono imening'inia. Aliutafuta ukanda kifuani kwa kidole chake kirefu, akagusa vifungo vya koti.

Kituoni tulimkuta afisa mmoja mtu wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili ambacho mimi nilikuwa nimekisoma tu. Alimwuliza mzee maswali mawili, akatazamwa kama mvua. Akawageukia watu waliofuata. "Nani hapa anaijua lugha ya mzee huyu?"

Ningeweza kunyamaza. Alikuwepo askari mtoto wa Suna ambaye angetafsiri vizuri tu. Lakini nilisikia Kiswahili kile kizuri kinaulizwa, na majivuno yakaninyanyua mkono. "Mimi, afande." Wengine wote wakatolewa nje, hata yule askari.

"Vyema. Muulize, kwa nini amevificha visu hivi?"

Nikauliza. Mzee alijibu kwa Kijaluo bila kunitazama, sauti ya chini, ya kawaida kabisa.

"Muulize huyo anayeniuliza. Yeye ndiye aliyenipa sheria, akanipa na gazeti."

Barua ya mahakama ilikuwa mfukoni mwangu. Niliihisi kama kipande cha kaa la moto. Nilifikiri: nikitafsiri hivi, na mimi naingia ndani, na majaribio ni kesho. Nilifikiri haraka, na kwa ufasaha, kama ilivyokuwa desturi yangu.

"Anasema yeye ni mzee, afande," nikasema. "Amesahau. Hakumbuki kwa nini aliviweka humo."

Afisa alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaniambia, "Kiswahili chako safi sana, kijana. Umekisomea wapi?"

"Nimejifundisha mwenyewe, afande."

"Hongera."

Nikatabasamu. Uongo ningeweza kuusingizia woga, lakini lile tabasamu sijapata wa kumsingizia mpaka leo.

Walimweka ndani siku tatu, hadi mwalimu mwenye mafahali wanne aliposikia, akaja kueleza. Visu vyote alirudishiwa. Mimi nilijaribiwa, nikaulizwa kama nimewahi kutafsiri mbele ya serikali, nikajibu ndiyo, kituo cha polisi. Nikapata kazi.

Yule askari wa Suna hakulisikia jibu la mzee; kilichomfikia nje ya mlango ni Kiswahili changu tu, nilichokinguruma. Alipokwenda likizo aliwapelekea habari: Mzee wa Maksai ameanza kusahau, yeye mwenyewe amekiri kwa afisa. Habari hiyo ilitosha. Ungemwachia fahali wako mtu asiyekumbuka kwa nini kisu kiko mahali kilipo? "Visu na usahaulifu havilali nyumba moja," watu walisema, wakaanza kumwita kijana mmoja wa upande wa Kuria, hodari lakini mwenye haraka, na mafahali wawili wakafa kwa uvimbe. Hata hivyo hawakumrudia mzee. Alivaa ukanda wake kama zamani, akapita sokoni kama zamani, lakini mikono ya wanaume ilibaki nje ya mifuko, na wanawake wakabadilisha utani.

"Jaduong', njia ya kwako unaikumbuka? Nikusindikize?"

Walisema kwa upole. Mama yangu ndiye aliyeniletea habari hizo, akisikitika jinsi uzee unavyoingia ghafla. Nilisikitika pamoja naye. Kwa misimu minne ya kulima nilipokuja nyumbani nilipita njia ya nyuma, inayozunguka kisima, ili nisikutane na jiwe lile la kunolea. Kazini nilikuwa mkalimani asiye na doa. Nilirekebisha hata koma za mahakimu.

Mzee hakumwambia mtu yaliyotokea kituoni. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Kama angenitangaza, ningekana, na ningekana kwa ufundi mkubwa.

Mwaka jana vijana walikatana mapanga kwenye soko la Suna kwa sababu ya dansi, na afisa mpya wa tarafa, mgeni kutoka mbali, aliitisha baraza. Mkalimani wa chifu alikuwa mgonjwa. Wakatuma Homa Bay waletewe mwingine. Nikaletwa mimi.

Watu walijaa uwanjani, Wajaluo kwa Wakuria. Afisa alisema kwa Kiswahili kwamba kuanzia sasa hataki kuona kisu sokoni. Aliye na kisu cha kazi akifunge vizuri, akitie ndani ya mzigo, watu wasikione. Nilitafsiri, na nilipofika kwenye neno "mzigo" ulimi wangu uligonga jino.

Mzee wa Maksai akasimama. Alikuwa amekonda, na koti lilimzidi. Visu vitatu vilikuwa kifuani. Akaanza kusema kwa Kijaluo, sentensi moja, kisha ananyamaza, akiningoja.

"Mwambie bwana mkubwa, mimi niliwahi kuvificha."

"Anasema aliwahi kuvificha, bwana."

"Mara moja tu. Kwa kuwa kijana fulani aliona haya kutembea nami."

Nikatafsiri.

"Kijana mwenyewe alikuwa na kichwa kikubwa, na suruali iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kuchinjia kuku."

Wajaluo wakaangua kicheko. Nikatafsiri, nikasikia sauti yangu ikisema "kichwa kikubwa" kwa matamshi bora kabisa, na Wakuria na afisa wakacheka zamu yao. Kwa hiyo nilichekwa mara mbili, mara ya pili kwa juhudi zangu mwenyewe.

"Mwambie nilikamatwa. Nikaulizwa kwa nini nimevificha. Nikasema, muulize mkalimani, yeye ndiye aliyeniambia. Mkalimani akasema nimesahau."



"Anasema nini?" afisa aliuliza.

Nilikuwa na sentensi tayari. Sentensi zangu huwa tayari siku zote, hiyo ndiyo shida yangu. Ilikuwa fupi, safi, haina kosa: anasema anaomba aendelee na kazi yake. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nilimtazama mzee. Hakunikazia macho. Alikuwa akingoja, kama alivyongoja pumzi ya fahali ipungue.

"Anasema," nikaanza, "anasema aliulizwa kituoni kwa nini alivificha visu. Akajibu kwamba mkalimani ndiye aliyemwambia avifiche. Mkalimani akasema uongo kwamba mzee amesahau."

"Mkalimani yupi huyo?"

"Ni mimi, bwana."

Nilimwona mama yangu kwenye safu ya wanawake, amejifunika mdomo kwa khanga.

"Mwambie sikusahau," mzee akasema. Kisha akageukia watu, akaanza kuwaonyesha kidole, mmoja mmoja. "Wewe. Fahali wako mweusi mwenye doa la jicho. Mkeo alikuwa mjamzito, akatuletea uji. Wewe: wawili, siku moja, na wa pili alivunja ua wa baba yako. Wewe uliyejificha nyuma ya kofia: ulilia kuliko fahali." Nilitafsiri kila mmoja. Walikuwa wengi, na kila kidole kilipofika, mwanamume aliinamisha kichwa, na mikono, mmoja baada ya mwingine, ikaanza kurudi mifukoni. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Jaduong', wa kwangu je?" "Wa kwako sijamfikia, mama!" Kicheko kilichofuata sikukitafsiri. Hakikuhitaji.

Mzee akamaliza hivi: "Vijana waliokatana sokoni, kuna aliyeyaona mapanga yao kabla? Yalikuwa yamefungwa ndani ya magunia. Hivi vyangu kila mtu ameviona. Moja. Mbili. Tatu. Mmeviona?"

"Tumeviona!" wakajibu, hata Wakuria, kabla sijafungua mdomo.

Afisa alikuna kidevu. Akasema, basi, mwenye kisu cha kazi akibebe mahali kinapoonekana. Na baada ya baraza alinivuta kando, akaniambia angeandika Homa Bay juu yangu. Aliandika. Wakuu wangu walinishusha mwaka mzima kwenye kunakili majalada, na sina la kulalamika.

Nilimkuta mzee barabarani akiondoka. Wakulima wawili walikuwa wameshamzuia kumpa siku ya kwenda kwao. Walipomwacha nilisimama mbele yake, na maneno yangu yote, hata ya kabla ya herufi ya D, yalikuwa yamekwenda.

"Leo," akaniambia kwa Kiswahili, "hukupunguza neno."

Kilikuwa Kiswahili changu. Namna yangu ya kukaza, mapumziko yangu, kila kitu, kama mtu aliyevaa shati langu.

"Jaduong', kumbe unajua Kiswahili?"

"Ulikuwa unawafundisha ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeketi na ng'ombe."

"Basi siku ile kituoni ulisikia nilivyosema. Kwa nini hukumwambia afisa mwenyewe?"

Kidole kirefu kikapita juu ya mipini mitatu.

"Kile kisu kilikuwa chako," alisema. "Wewe ndiye uliyekificha. Nilikuwa nangoja ukitoe."

Akashika njia ya kwenda kwa mkulima wa kwanza, na kijana mmoja aliyekuwa anakuja upande wetu akavuka barabara.

Mimi bado napiga pasi suruali zangu, na ukurasa huu nimeuandika mara sita. Lakini kisu changu cha kuchongea penseli sikifungi tena kwa leso. Kiko mfuko wa shati, mpini nje, na nikipewa neno la mtu kulitafsiri, nalitafsiri lote.